Unasibu na Upendeleo katika Utafiti: Mwanza, Rakai na Kisumu

Matokeo ya utafiti wowote hupotoshwa na mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni unasibu, yaani bahati tu ya nani kaingia katika hesabu na nani hakuingia. La pili ni upendeleo, kasoro iliyomo katika njia yenyewe ya kupima au kuchagua, inayosukuma majibu upande uleule kila mara. Muuza samaki mwenye mkono unaotetemeka huzidisha leo na kupunguza kesho, na kwa mwaka mzima hesabu yake hukaribia haki. Mwenye mizani iliyochezewa hupunja kiasi kilekile kila siku, na wala haisaidii kumwambia apime mara elfu.

Unasibu una kanuni yake, na kanuni hiyo inajulikana vizuri. Kura ya maoni ya watu 1,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu hukosea kwa takribani asilimia 3 juu au chini. Atakayetaka kulipunguza kosa hilo kwa nusu lazima ahoji watu 4,000, kwa kuwa kila upunguzaji wa nusu hudai idadi mara nne. Ni ghali, lakini inawezekana. Upendeleo hauna kanuni ya namna hiyo. Watu milioni waliochaguliwa vibaya hutoa jibu bovu lenye sura ya uhakika, na ndiyo maana upendeleo ni adui mbaya kuliko unasibu.

Mfano mashuhuri zaidi ulitokea Marekani mwaka 1936. Jarida la Literary Digest lilituma karatasi za kura ya maoni zipatazo milioni 10 kwa watu ambao majina yao yalipatikana hasa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Karatasi zaidi ya milioni 2 zilirudi, na jarida likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Rais Franklin Roosevelt kwa asilimia 57. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. George Gallup, aliyetumia sampuli ndogo mno ikilinganishwa na hiyo, alikuwa ametabiri ushindi wa Roosevelt. Katika miaka ile ya mdororo wa uchumi, mwenye simu na gari hakuwa mwakilishi wa mpiga kura wa kawaida. Tena, waliojisumbua kurudisha karatasi hawakufanana na walioziacha mezani, na wachambuzi wa baadaye wameliona hilo la pili kuwa na uzito mkubwa. Jarida hilo lilikuwa limetabiri vizuri chaguzi kadhaa zilizotangulia, jambo linaloonyesha kwamba njia mbovu inaweza kupata jibu sahihi kwa muda mrefu kabla ya kuumbuka.

Dawa ya upendeleo, cha ajabu, ni unasibu wenyewe. Mtafiti anayetaka kujua kama dawa inafanya kazi huwagawa wagonjwa kwa kura, bila kuchagua kwa macho wala kwa huruma. Jaribio lililoweka msingi wa utaratibu huu katika tiba lilichapishwa Uingereza mwaka 1948 na lilihusu streptomaisini, dawa mpya ya kifua kikuu. Dawa ilikuwa haba, haikuweza kuwatosha wote, na mtaalamu wa takwimu Austin Bradford Hill akaitumia hali hiyo. Mgao ulipangwa kwa jedwali la namba nasibu na kufichwa ndani ya bahasha zilizofungwa, ili daktari asiweze kumwelekeza mgonjwa mwenye nafuu kwenye dawa na mahututi kwenye kitanda tu. Kati ya wagonjwa 55 waliopewa dawa, 4 walifariki katika miezi 6 ya mwanzo. Kati ya 52 waliopumzishwa kitandani bila dawa hiyo, walifariki 14. Bahasha zile zina umuhimu zaidi kuliko zinavyoonekana. Kabla ya hapo madaktari wengi waliwagawa wagonjwa kwa zamu, huyu dawa na yule hapana, na kila aliyesimama mlangoni aliweza kujua zamu inayofuata ni ipi, kisha akaamua ni mgonjwa gani wa kumwita.

Hata kura yenyewe huweza kuharibika. Tarehe 1 Desemba 1969 Marekani iliendesha bahati nasibu ya kuamua ni vijana gani wangeitwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Vidonge 366 vyenye tarehe za kuzaliwa vilitiwa katika sanduku mwezi baada ya mwezi, kisha vikachanganywa kwa haraka. Wataalamu wa takwimu walipokagua matokeo waliona kwamba waliozaliwa miezi ya mwisho wa mwaka walikuwa wamepata namba za mwanzo, za kuitwa mapema, kupita ilivyotarajiwa. Mwaka uliofuata utaratibu ulibadilishwa na majedwali ya namba nasibu yakatumiwa. Kuchanganya kwa mkono si lazima kuwe kuchanganya.

Afrika Mashariki ina masimulizi yake kuhusu mambo haya, na pengine hakuna yanayofundisha zaidi ya yale ya Mwanza na Rakai.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikwishaonekana katika nchi nyingi kwamba watu wenye magonjwa mengine ya zinaa, kama kaswende na kisonono, walikuwa na maambukizi mengi zaidi ya virusi vya UKIMWI (VVU). Haraka ingesema kwamba vidonda na usaha hufungua njia kwa VVU, na kwamba kuvitibu kungepunguza maambukizi. Lakini maelezo mengine yalikuwa rahisi vilevile: mwenye wapenzi wengi hupata vyote viwili, na kimoja hakikusababisha kingine. Uchunguzi wa kuangalia tu, hata ukifanywa kwa maelfu ya watu, hauwezi kuyatenganisha maelezo haya mawili kwa uhakika. Huu ndio upendeleo unaosumbua zaidi katika utafiti wa afya, kwa sababu haumo katika kipimo. Umo katika maisha ya watu wenyewe.

Hivyo likapangwa jaribio katika Mkoa wa Mwanza, kusini mwa Ziwa Victoria. Jamii 12 ziliteuliwa, kila moja ikiwa na kituo cha afya na zahanati zake. Ziliwekwa katika jozi 6 za maeneo yanayofanana, kwa kuwa maisha ya visiwani au mwaloni kwa wavuvi hayafanani na ya kijiji cha ndani au cha kando ya barabara kuu. Katika kila jozi jamii moja ilipangiwa kupata huduma bora za magonjwa ya zinaa: watumishi waliofundishwa, dawa zisizokatika, usimamizi wa mara kwa mara na elimu kwa wananchi. Nyingine iliendelea na huduma za kawaida na kupata maboresho hayo baadaye. Mgao haukufanywa kwa mtu mmoja mmoja, na sababu iko wazi. Zahanati ikiboreshwa huwa imeboreshwa kwa kila anayeingia mlangoni.

Watu wazima wapatao 1,000 katika kila jamii waliandikishwa, jumla 12,537, wakapimwa, na baada ya miaka miwili wakatafutwa tena. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Kati ya watu 4,149 ambao hawakuwa na VVU mwanzoni katika jamii zilizopata huduma bora, 48 walikuwa wameambukizwa, yaani asilimia 1.2. Katika jamii za ulinganisho walikuwa 82 kati ya 4,400, asilimia 1.9. Baada ya kurekebisha tofauti nyingine, maambukizi mapya yalikadiriwa kupungua kwa asilimia 42.

Je, ingeweza kuwa bahati? Hapa hesabu hudai uangalifu ambao wengi huukosa. Majirani wa kijiji kimoja hufanana: hunywa katika baa zilezile, huuza katika gulio lilelile, na virusi vikiingia huzunguka miongoni mwao. Kwa hiyo watu 1,000 wa jamii moja hawawezi kuhesabiwa kama ushahidi 1,000 unaojitegemea. Kura ilipigwa mara 6 tu, mara moja kwa kila jozi, na hizo 6 ndizo uzito halisi wa jaribio. Katika Mwanza jozi zote 6 zilielekea upande mmoja. Kama huduma haikuwa na athari yoyote, kila jozi ingekuwa kama kurusha sarafu, na nafasi ya sarafu 6 kuanguka zote kwa faida ya huduma ni 1 kati ya 64. Bahati ingeweza kufanya hivyo, lakini mara chache sana.

Upendeleo ulichunguzwa pia. Waliopatikana tena baada ya miaka miwili walikuwa 8,845, asilimia 71 ya walioandikishwa. Wanaokosekana katika utafiti wa aina hii si watu wa kawaida tu waliochelewa: ni vijana, wavuvi wanaofuata samaki, wanaohama kwa ndoa au biashara, na mara nyingi ndio walio katika hatari zaidi. Upotevu ukilingana pande zote mbili, ulinganisho hubaki na afya. Usipolingana, jibu huinama. Tena kila mtu alijua zahanati gani imeboreshwa, kwa hiyo majibu ya mdomo kuhusu tabia yalistahili kupokewa kwa tahadhari. Kilichouokoa utafiti ni kwamba jibu lake kuu lilikuwa kipimo cha damu, na damu haijui kumfurahisha mtafiti.

Miaka minne baadaye, mwaka 1999, yakachapishwa matokeo ya wilaya ya Rakai nchini Uganda, upande wa pili wa ziwa. Wazo lilikuwa karibu lilelile, utekelezaji ukawa tofauti. Watafiti wa Rakai waligawa maeneo 10 katika makundi mawili ya matano matano, kisha wakawapelekea watu wazima antibiotiki majumbani kila baada ya miezi 10, mgonjwa na asiye mgonjwa. Kundi la ulinganisho lilipewa dawa za minyoo na vitamini. Maambukizi mapya ya VVU yalikuwa 1.5 kwa kila watu 100 kwa mwaka katika kundi la kwanza, na 1.5 katika kundi la pili.

Masafa ya makadirio ya tafiti hizi mbili yanasema jambo. Mwanza ilikubaliana na upungufu wa kuanzia asilimia 21 hadi 58. Rakai ilikubaliana na chochote kati ya upungufu wa asilimia 19 na ongezeko la asilimia 16. Masafa hayo hayagusani. Kuieleza tofauti hiyo kwa bahati peke yake kunahitaji bahati iliyofanya kazi kwa bidii isiyo ya kawaida, na watafiti wakageukia modeli za hisabati.

Modeli ya aina iliyotumika hapa hujenga ndani ya kompyuta jamii ya watu wa kubuni. Kila mmoja huzaliwa, hukua, hupata mwenzi, huachana naye, huambukizwa au huponywa, na kila tukio huamuliwa kwa namba nasibu inayolinganishwa na uwezekano uliowekwa. Kama uwezekano wa kuambukizwa katika kipindi fulani ni 2 kati ya 100, kompyuta huchota namba kati ya 1 na 100, na ikitoka 1 au 2 mtu huyo ameambukizwa. Wazo la kutumia bahati kutatua hesabu ngumu lilipata umbo lake la kisasa katika miaka ya 1940 huko Los Alamos, Marekani, kwa Stanislaw Ulam na John von Neumann, na likapewa jina la mahali pa kamari, Monte Carlo. Modeli ya magonjwa ya zinaa iitwayo STDSIM, iliyotengenezwa Rotterdam nchini Uholanzi, ndiyo mojawapo ya zilizotumiwa kulinganisha Mwanza na Rakai.

Kila modeli hiyo ikiendeshwa, historia hutoka tofauti kidogo. Ikiendeshwa mara mamia, wastani hutulia. Hapo ndipo kosa lililowapata Literary Digest linapoweza kurudi kwa mavazi mapya. Kuendesha modeli mara 10,000 huondoa unasibu uliomo ndani yake, lakini hakugusi dhana zilizowekwa mwanzoni: watu wana wapenzi wangapi, kidonda huongeza hatari mara ngapi, wagonjwa wangapi huenda zahanati. Dhana hizo zikiwa na makosa, mchoro utatoka laini, wenye mistari mizuri, na utakuwa wa uongo.

Kuhusu Mwanza na Rakai, modeli zilitoa maelezo yenye mantiki. Mwanza maambukizi ya VVU yalikuwa bado chini, takribani asilimia 4 ya watu wazima, na magonjwa ya zinaa yanayotibika yalikuwa mengi. Rakai yalikuwa yamefikia takribani asilimia 16, Waganda walikuwa wameanza kubadili tabia, magonjwa yanayotibika yalikuwa yamepungua, na sehemu kubwa ya vidonda ilitokana na virusi vya hepesi ambavyo antibiotiki haziviui. Katika mazingira ya kwanza kutibu kaswende na kisonono kunazuia mengi. Katika ya pili ni machache.

Maelezo hayo huenda ni sahihi. Hata hivyo yalitungwa baada ya jibu kujulikana, na modeli yenye vigezo vingi inaweza kulainishwa mpaka ikubaliane na karibu chochote. Kipimo cha haki ni utabiri wa jambo ambalo bado halijatokea. Majaribio yaliyofuata hayakuwa na huruma. Jaribio la Masaka, Uganda, lililochapishwa mwaka 2003, halikuonyesha kupungua kwa VVU. Kisha dhana kwamba hepesi ndiyo kiungo ikajaribiwa moja kwa moja kaskazini magharibi mwa Tanzania: wanawake wanaofanya kazi katika baa na nyumba za wageni walipewa kwa kura ama dawa ya hepesi, asaikloviri, ama kidonge kisicho na dawa. Matokeo ya mwaka 2008 hayakuonyesha tofauti ya maambukizi mapya. Mwanza ikabaki ndiyo yenye jibu la kupendeza, na baada ya miaka yote hii haiwezi kusemwa bila wasiwasi ni kiasi gani cha lile punguzo la asilimia 42 kilitokana na huduma, kiasi gani na wakati wa mlipuko, na kiasi gani na kura 6 zilizoanguka vizuri.

Angalau majaribio yote hayo yalichapishwa. Mengi hayachapishwi, na huo ni upendeleo wa aina nyingine, ambao haumhusu mtafiti mmoja. Kwa desturi matokeo huitwa ya maana pale ambapo bahati pekee ingeyatoa chini ya mara 1 katika 20. Anayejaribu vitu 20 visivyo na athari yoyote ana nafasi ya asilimia 64 ya kupata angalau kimoja kinachoonekana kufanya kazi, na akichapisha hicho tu, msomaji hana namna ya kujua. Uchambuzi wa mwaka 2008 ulifuatilia majaribio 74 ya dawa za sonona yaliyosajiliwa kwa mamlaka ya dawa ya Marekani. Mamlaka iliyaona 38 kuwa yenye matokeo mazuri, na 37 kati ya hayo yalichapishwa. Kati ya 36 yaliyobaki, 22 hayakuchapishwa kabisa, 11 yalichapishwa kwa namna iliyoyafanya yaonekane mazuri, na 3 tu yalielezwa kama yalivyokuwa. Anayesoma majarida peke yake angedhani dawa hizo karibu hazishindwi. Ndiyo sababu tangu mwaka 2005 wahariri wa majarida makubwa ya tiba wanadai jaribio lisajiliwe kabla ya mgonjwa wa kwanza kuandikishwa, na Afrika ina sajili yake, iliyoko Cape Town.

Swali la tohara lilipata bahati njema zaidi kuliko la magonjwa ya zinaa, ingawa lilianza na upendeleo uleule. Wanaume waliotahiriwa walionekana kuwa na VVU kidogo kuliko wasiotahiriwa, lakini katika sehemu nyingi za Afrika tohara huenda pamoja na dini, hasa Uislamu, na dini huenda pamoja na kutokunywa pombe na desturi nyingine za maisha. Nani angejua kinachokinga ni kisu au ni desturi? Majaribio matatu yalipangwa, na wanaume wazima waliokubali tohara wakagawanywa kwa kura, wengine wakitahiriwa mara moja na wengine baadaye: Orange Farm nchini Afrika Kusini, Rakai, na Kisumu nchini Kenya, ambako waliandikishwa vijana 2,784. Maambukizi mapya yalipungua kwa takribani asilimia 60 Orange Farm, 53 Kisumu na 51 Rakai.

Hata hapa pana tahadhari. Yote matatu yalisimamishwa kabla ya muda uliopangwa kwa sababu manufaa yalikwishaonekana, na jaribio linalosimamishwa wakati takwimu ziko juu huwa na tabia ya kuzidisha ukubwa wa athari. Lakini watu wa nchi tatu, wenye desturi tofauti, walitoa majibu yaliyokaribiana, na ufuatiliaji wa miaka iliyofuata Kisumu ulionyesha kwamba kinga haikufifia. Modeli iliyochapishwa mwaka 2006, ikitumia matokeo ya Orange Farm peke yake, ilikadiria kwamba tohara ingezuia maambukizi milioni 2 kusini mwa Sahara katika miaka 10, na watungaji wake wakataja masafa ya kuanzia milioni 1.1 hadi 3.8. Masafa hayo mapana ni uaminifu, na makadirio yanayotangazwa bila masafa yanastahili kutiliwa shaka. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS zilipendekeza tohara ya hiari kwa wanaume katika nchi zenye maambukizi mengi na tohara chache, na mwaka uliofuata Kenya ikaanza kuitoa kwa wingi huko Nyanza.